Mlo wa Siku Asiyotarajiwa Mgeni

Mgeni ashukaye stesheni ya Tabora siku hizi, akapata chumba, akaoga vumbi la safari, kisha akauliza ni wapi apate chakula cha wenyeji, aghalabu huelekezwa mahali atakapokuta chipsi mayai, kuku wa kukaanga na wali, maakuli ambayo angeyapata vilevile Dodoma au Mwanza. Naye akishashiba huondoka na yakini kwamba Unyamwezi, nchi yetu hii ya Tabora, hauna mapishi yake. Muradi wa maoni yangu leo ni kusema kwamba kosa hilo si la mgeni, wala si la mpishi, bali ni la adabu yetu wenyewe, ambayo kwa kutaka kumtukuza mgeni humnyima kile alichokuja kukitafuta.

Katika miji iliyofurika watalii sababu huwa ni nyingine. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una meza za Forodhani zilizopangwa jioni kwa kumlenga mpita njia mwenye fedha, na atakaye kula pamoja na watu wa mtaa hana budi kuziacha taa zile, akavuka Darajani, akaingia Ng'ambo. Huko kinachokisitiri chakula cha mwenyeji ni wingi wa wageni. Tabora ya leo haina halaiki hiyo. Walakini zamani ilikuwa nayo, na historia hiyo ina la kutufunza.

Wavumbuzi Richard Burton na John Speke walipowasili Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, wakakirimiwa na Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, walikuta mji uliokwisha kuzoea wasafiri, wenye tembe pana na bustani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Ugogo ilipumzika hapa kabla ya njia kugawanyika, moja ikielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walikula posho iliyonunuliwa njiani kwa vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Wala si haki kuyataja maakuli ya njia ile tusikumbuke kwamba katika walioipita walikuwamo watumwa, ambao hakuna aliyewauliza wapendacho.

Njia hiyo ndiyo iliyotuletea miembe inayotupa kivuli hata sasa, na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ndio waliositawisha mpunga katika mabonde yetu. Tena viazi vitamu, karanga, muhogo na mahindi, ambavyo hakuna mzee wa Kinyamwezi atakayekubali kwamba si vyetu, asili yavyo ni bara la Amerika. Basi tukiupima mlo kwa nasaba ya mbegu zake, hatutabakiwa na mengi zaidi ya mtama, uwele na majani ya porini. Kipimo kilicho bora, kwa rai yangu, ni hiki: chakula cha mahali ni kile kinachopikwa siku asiyotarajiwa mgeni.

Na siku hiyo hupikwa nini? Chukua matobolwa. Kiangazi, mavuno yakishaingia, viazi vitamu huchemshwa, humenywa vingali na joto, hukatwa vipande na kutandazwa juu ya mwamba au uchanja, mpaka jua livikaushe viwe vigumu, vyenye rangi ya asali iliyokolea, ndipo viwekwe ghalani. Na vile vinavyokatwa na kuanikwa vibichi huitwa michembe. Mtoto huyatafuna matobolwa makavu njiani aendapo shule, na mama huyarudisha chunguni yakalegea, yakaliwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa maziwa ya mgando. Kando yake upo ugali wa mtama kwa mlenda. Upo uyoga wa misitu ya miombo, ambao mvua zikianza hupangwa katika mafungu kando ya barabara. Yapo matunda ya porini, furu, mbula na ntonga. Na ipo asali itokayo katika mizinga ya magome iliyotundikwa mitini mbali na makazi. Reli nayo, iliyofika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, imetuzoesha dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, hata hatuwahesabu tena kuwa wageni.

Sasa mtazame mama wa Isevya, hapa mjini, ambaye chungu chake cha michembe kimo jikoni kikitokota, mara mgeni akabisha hodi. Kabla mgeni hajaketi sawasawa, chungu kimekwisha kuepuliwa na kufunikwa pembeni, mtoto ametumwa dukani kununua mchele, na jogoo anakimbizwa uani. Hayo hutendwa kwa taadhima, wala mtu mwenye murua hawezi kuyalaumu. Lakini ndani ya taadhima hiyo mmejificha haya, kana kwamba michembe ni siri ya umaskini isiyofaa kuonwa na macho ya watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami naongeza kwamba pamoja na jembe hilo hupewa pia chakula cha kweli, kwa kuwa hakuna kaya iwezayo kuchinja jogoo kila siku. Mvumbuzi David Livingstone, baada ya kuagana na mwandishi wa habari Stanley mwezi wa Machi 1872, alibaki Kwihara, jirani na mji huu, hadi Agosti akingoja wapagazi, na kwa ukaazi wa namna hiyo mtu huacha kuwa mgeni apende asipende.

Msafiri wa leo hana wasaa wa miezi mitano. Kwa hiyo namshauri asiulizie chakula cha asili, maana swali hilo huamsha fahari na fahari huleta wali, bali aulize, "Leo mmepika nini nyumbani?" Afike sokoni asubuhi aone msimu umeleta nini, kisha aketi kwa mama ntilie anakokula mwendesha baiskeli na mchukuzi wa magunia.

Sisi wenyeji nasi tuna wajibu. Tangu mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, Kwihara ikiwamo, imo katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia. Ikiwa wageni watakuja kwa wingi, watajengewa meza zao kama zilivyojengwa kwingineko, na hapo itakuwa taabu kuanza kuwafundisha tulichokuwa tukiwaficha. Kwa hiyo wali na jogoo viandaliwe, maana ukarimu haukatazwi. Ila sahani ya matobolwa na iwekwe papo hapo kando yake, bila ya maelezo wala kuomba radhi, kwani mwenyeji aonaye haya kwa mlo wake hana hoja ya kumlaumu mgeni aondokaye akisema kwamba hatuna.