Somo la Redio: Kuisoma Karatasi ya Gereji

Ninyi mliokaa darasani pamoja na mwalimu, na wewe uliyekaa peke yako nyumbani, shikeni kalamu na daftari.

Leo tutasoma karatasi moja tu, nayo ni fupi. Ni karatasi anayopewa mwenye gari na gereji, kumwambia matengenezo ya breki yatagharimu kiasi gani. Mtu asiyejua kuisoma huangalia chini tu, kwenye jumla. Akiona jumla ni kubwa husema, "Nimeibiwa." Akiona ni ndogo husema, "Nimepata." Yote mawili yaweza kuwa makosa. Bei ya haki haijulikani kwa kuangalia jumla. Hujulikana kwa kusoma mstari mmoja mmoja na kuuliza.

Huenda wewe huna gari. Hata hivyo usifunge daftari. Huenda kijana wako ni dereva, au ushirika wenu una gari la kubebea mazao. Tena njia hii ya kusoma yafaa kwa fundi wa nyumba, fundi wa mashine ya kusaga, na hata fundi cherehani.

Kwanza tuandike maneno matano ya leo, kila neno na mstari wake.

Makadirio. Ni hesabu inayoandikwa kabla ya kazi kuanza.
Kipuri. Ni kifaa kinachowekwa mahali pa kile kilichokwisha. Wengi ni vipuri. Watu wengine husema spea.
Ujira. Ni malipo ya kazi ya fundi. Mafundi wengi huandika "ufundi".
Jumla. Ni hesabu yote ikishaunganishwa.
Risiti. Ni karatasi ya kuonyesha kwamba umelipa.

Sasa tuchukue mfano. Mtu mmoja ana gari dogo la kubebea mboga. Kila juma hupakia kabeji na karoti Lushoto, akateremka hadi Mombo na kuendelea mbele. Wanaoijua barabara ile wanajua ilivyo: kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na mteremko wa karibu mita 1,000 kwenda chini. Siku moja akasikia mlio wa chuma kila akikanyaga breki. Akaenda gereji, akapewa karatasi hii. Iandikeni daftarini:

Pedi za mbele, seti 1: shilingi 60,000
Diski za mbele, 2: shilingi 240,000
Shuu za nyuma, seti 1: shilingi 70,000
Mafuta ya breki: shilingi 20,000
Ufundi: shilingi 90,000
Mengineyo: shilingi 45,000
Jumla: shilingi 545,000

Bei hizi ni za zoezi letu tu. Bei za dukani hubadilika, na hutofautiana kwa kila aina ya gari. Tunachojifunza ni njia ya kuzipima.

Hatua ya kwanza: jumlisha mwenyewe. Fanya sasa hivi, nasi tutangoja kidogo.

Umepata ngapi? Jibu ni 525,000. Karatasi inasema 545,000. Shilingi 20,000 zimezidi. Huenda ni kosa la kalamu, basi usimwite mtu mwizi. Mwambie tu kwa adabu, "Ndugu, tujumlishe tena pamoja." Mwenye kosa la kalamu atasahihisha na kushukuru.

Hatua ya pili: kila mstari uulize maswali matatu. Ni kitu gani? Ni vingapi? Na kwa nini kibadilishwe? Ili tuulize vizuri, yafaa tujue breki zinavyofanya kazi.

Katika gari dogo la kawaida, kila gurudumu la mbele lina sahani ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Hiyo ndiyo diski. Unapokanyaga breki, vipande viwili huibana sahani hiyo, kimoja huku na kimoja huku. Hivyo vipande ndivyo pedi. Nyuma, katika magari mengi, kuna chungu cha chuma kiitwacho dramu, na ndani yake kuna vipande vilivyopinda ambavyo hujisukuma nje na kukwaruza ukuta wa chungu. Hivyo mafundi huviita shuu. Nguvu ya mguu wako hufika kwenye magurudumu kwa mafuta ya breki yanayopita ndani ya mabomba membamba.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Mstari wa kwanza, pedi. Seti moja ya mbele ni vipande 4, viwili kila gurudumu. Fundi akisema lazima abadilishe pande zote mbili ingawa upande mmoja tu ndio uliokwisha, hakudanganyi. Upande mmoja ukiwa mpya na wa pili mzee, gari laweza kuvuta upande mmoja unapokanyaga breki. Lakini akiandika seti 2 kwa magurudumu ya mbele ya gari dogo, muulize ya pili ni ya nini. Kisha mwombe akuonyeshe unene wa pedi. Pedi mpya mara nyingi ina nyama ya milimeta 10 au zaidi, bila kuhesabu bamba la chuma la nyuma yake. Ikibaki milimeta 3 hivi, wakati wa kubadilisha umefika. Ikibaki 7, bado ina safari.

Mstari wa pili, diski. Hapa ndipo penye fedha nyingi, basi uliza sana. Diski haibadilishwi kila mara pedi zinapobadilishwa. Ina kipimo chake: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mara nyingi kipimo hicho kimeandikwa juu ya diski yenyewe, na kama hakionekani, kimo katika kitabu cha matengenezo cha gari. Mwombe fundi apime mbele yako. Tuseme diski imeandikwa milimeta 20, na kipimo kinaonyesha 21 na nusu. Kwa unene, diski hiyo bado ni nzima. Sababu nyingine za kuibadilisha zipo: ufa, mifereji mikubwa iliyochimbwa na chuma, au gari kutetemeka unapokanyaga breki. Lakini sababu hizo fundi aweza kukuonyesha. Asipokuonyesha, usikubali mstari huo.

Mstari wa tatu, shuu. Hizi hazionekani mpaka dramu ifunguliwe. Kwa hiyo uliza, "Dramu mlizifungua?" Kama hawakuzifungua, wamejuaje kwamba shuu zimekwisha? Huo ni mstari wa kubahatisha. Nao pia usiwaachie wasiuangalie, maana shuu zilizokwisha hazipigi kelele siku zote.

Mstari wa nne, mafuta ya breki. Haya si mafuta ya injini. Mafuta ya injini yakitiwa humo huharibu mipira ya ndani, na breki zote hufa. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake, kama vile DOT 3 au DOT 4. Sababu ya kuyabadilisha ni hii: mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani polepole. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mwingi, maji yale huchemka na kuwa mvuke, na mguu wako hukanyaga mvuke badala ya nguvu. Pedali huzama. Watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila miaka miwili hivi. Basi mstari huu si wa kupuuza, hasa kwa mtu wa Lushoto.

Mstari wa tano, ufundi. Kubadilisha pedi za mbele tu, kwa fundi mwenye vyombo vyake, ni kazi ya kama saa moja. Shuu za nyuma huchukua muda zaidi, kwa sababu ya springi zake. Kutoa diski huongeza muda pia. Basi kazi ikipungua, ujira nao upungue. Ukifuta mstari wa diski, uliza, "Na ufundi sasa ni kiasi gani?" Wengi husahau swali hili.

Mstari wa sita, "mengineyo". Neno hili halina umbo wala uzito. Uliza, "Mengineyo ni yapi?" Kama ni grisi na dawa ya kusafishia, na yaandikwe hivyo, na bei yake. Kama hakuna jibu, na lifutwe.

Hatua ya tatu: linganisha bei za vipuri. Piga simu au pita katika maduka mawili ya vipuri, kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au ya mji wako. Taja aina ya gari, mwaka wake na namba ya chesisi. Uliza bei ya pedi za kampuni iliyotengeneza gari, na bei ya pedi za kampuni nyingine inayoaminika. Gereji ikizidisha kidogo juu ya bei ya duka, si dhambi, maana nayo ilitafuta na kuleta. Ikizidisha mara mbili, dai sababu. Na pedi za bei ya ajabu, zisizo na jina wala boksi, ziache. Pedi zilizokwisha kutumika usinunue kabisa.

Tumrudie mwenye gari wetu. Kabla ya kurudi kwenye gereji ile, alipita gereji ya pili. Wakamwambia kwa mdomo, "Breki zote, shilingi 120,000." Alifurahi sana. Lakini alipoomba waandike ni vipuri gani watakavyoweka, walikataa. "Wewe lete gari tu," wakasema.

Je, wewe ungefanyaje? Mwalimu, waulize wanafunzi kabla ya kuendelea.

Jibu letu ni hili. Bei ndogo isiyoandikwa si rahisi wala ghali, haijulikani. Huenda wangebadilisha pedi za mbele na kuacha shuu. Huenda wangeweka pedi mbovu. Yeye angelijua hilo kwenye kona, akiwa na shehena ya kabeji na vijana wawili wa kupakua mizigo.

Basi alirudi kwenye gereji ya kwanza na karatasi yake, wakaanza kupima pamoja. Pedi zilikuwa zimekwisha kabisa upande mmoja. Mlio ule ulikuwa ni chuma kukwaruza chuma. Diski zilikuwa na mikwaruzo midogo tu, na unene wake ulitosha. Zikafutwa. Dramu zikafunguliwa. Hapo mwenye gari alitaka kufuta na mstari wa shuu, maana alikwisha kuonja utamu wa kufuta. Fundi akamwekea shuu mkononi. Nyama ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Akanyamaza. Mstari wa shuu ukabaki. "Mengineyo" yakafutwa, ufundi ukashuka hadi 60,000.

Andikeni hesabu mpya: pedi 60,000, shuu 70,000, mafuta 20,000, ufundi 60,000. Jumla ni ngapi?

Ndiyo, 210,000. Ni chini ya nusu ya karatasi ya kwanza, na ni zaidi ya bei ya gereji ya pili kwa shilingi 90,000. Hiyo ndiyo bei ya haki kwa kazi ile, kwa sababu kila mstari una sababu iliyoonekana kwa macho.

Angalieni jambo hili. Kuuliza kulimsaidia mara mbili. Kulimwondolea diski asizozihitaji, na kulimzuia kuacha shuu alizozihitaji. Anayeuliza ili kupunguza tu, asitake kusikia jibu, hajadanganywa na fundi, amejidanganya mwenyewe.

Mambo machache ya mwisho. Breki zikikwaruza chuma kwa chuma, au pedali ikizama, usiendeshe gari kwenda kutafuta bei nafuu. Mwite fundi aje ulipo. Kazi ikiisha, omba urudishiwe vipuri vya zamani pamoja na maboksi ya vipya. Kabla ya kuondoka kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha jaribu gari polepole mahali patupu. Dai risiti yenye tarehe na orodha ya kazi. Tanzania, mfanyabiashara aliyesajiliwa kutumia mashine ya EFD hutoa risiti ya mashine hiyo. Kama umeahidiwa kwamba kazi ikiharibika itarudiwa bure, ahadi iandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi ya nyumbani. Moja: andika maswali manne utakayomwuliza fundi kabla hujakubali makadirio. Mbili: fundi ameandika pedi 55,000, mafuta 18,000 na ufundi 40,000, na jumla 131,000. Tafuta kosa, kisha andika sentensi moja ya adabu ya kumwambia. Tatu: mwulize jirani mwenye gari au pikipiki kama aliwahi kupewa makadirio kwa maandishi, na usome naye.

Mwaka jana huenda karatasi kama hii ungeipokea na kumpa mtoto akusomee. Leo umeisoma mwenyewe, na kosa lake umeliona. Endelea hivyo hivyo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.