Aljebra Ukubwani, kwa Njia ya Mtandao

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali ya kaunti katika jimbo moja la Marekani, aliyoitoa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu.)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya watu wazima huko ninakofanya kazi. Sitapita juu juu katika mambo mengi. Nitasema juu ya jambo moja nililolifanya mwenyewe: kusoma aljebra ya mwanzo, kwa njia ya mtandao, katika chuo cha jamii, nikiwa nimepita miaka arobaini na nina digrii ya historia.

Kwanza nieleze vyuo hivi. Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili kilicho karibu na makazi ya watu. Ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na mlango wake uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901, na leo vyuo vya namna hiyo nchini Marekani ni takriban 1,000. Humo utamkuta kijana wa miaka 18, dereva wa basi, mama mwenye watoto na askari aliyestaafu. Wengine hutafuta ufundi. Wengine husoma miaka miwili kisha huhamia chuo kikuu.

Mimi nilitaka kuhamia idara ya bajeti, na kazi hiyo ilidai niwe nimefaulu somo la takwimu. Lakini kabla ya takwimu kuna aljebra. Wenzangu wa mchepuo wa sanaa mnaijua safari yetu: tuliagana na hesabu Kidato cha Nne. Jaribio la kupima uwezo likanipeleka kwenye aljebra ya mwanzo. Hilo ni somo la maandalizi. Unalipa ada na kufanya mitihani, lakini kwa kawaida haliingizwi katika hesabu ya digrii.

Masomo yalikwenda hivi. Muhula ulikuwa wa wiki 16. Kila Jumatatu sura mpya ilifunguliwa kwenye kompyuta: video fupi za mwalimu, kurasa za kusoma, na mazoezi. Ukipeleka jibu, programu inasahihisha papo hapo. Ukikosa, inakuletea swali jingine la aina ileile lenye namba nyingine. Mwisho wa kupeleka kazi ni Jumapili usiku, na hapo mlango hufungwa. Siku ya mtihani kamera ya kompyuta hukutazama. Mwalimu naye ana saa zake za kuonana na wanafunzi kwa video.

Mambo yenyewe ni yale yale mnayofundishwa hapa: namba hasi, mabano, sehemu, milinganyo, michoro ya mistari. Tuchukue mfano wa mkutano kama huu. Ukumbi ni shilingi 70,000, na chakula ni shilingi 3,000 kwa kila mtu. Mweka Hazina anazo shilingi 220,000. Aalike watu wangapi? Tuandike 3,000x + 70,000 = 220,000. Toa 70,000 pande zote mbili, zibaki 150,000. Gawanya kwa 3,000, upate 50. Aliyejua njia hii hawaiti watu 60 wakashinda na njaa.

Elimu hii si ya jana. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu chake mnamo mwaka 820, na kutoka jina la kitabu hicho ulimwengu ulipata neno aljebra. Al-jabr maana yake ni kurudishia au kuunga, na Waarabu walilitumia hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi. Basi tangu mwanzo aljebra ilikuwa elimu ya kumaliza mashauri ya watu.

Ndugu zangu, ugumu wa kusoma hivi hautoki katika x wala y. Unatoka katika upweke. Hakuna kengele, hakuna kiranja, hakuna jirani wa dawati wa kumchungulia uso ukajua kama naye hajaelewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwafuatilia wanafunzi wa vyuo vya jamii vya majimbo ya Virginia na Washington, wakaona kwamba wanaosoma kwa mtandao huacha au hushindwa zaidi kuliko wanaokaa darasani. Nami niliona majina ya wenzangu yakipungua wiki hadi wiki.

Kilichonifikisha mwisho ni mambo matatu. La kwanza ni ratiba: saa moja na nusu kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. La pili ni daftari. Programu hutazama jibu la mwisho tu, lakini akili hujengwa kwa kuandika kila hatua kwa mkono. La tatu ni kuuliza. Kila wiki nilikwenda kwenye saa za mwalimu, aliye mdogo kwangu kwa miaka mingi, nikamwita Mwalimu bila kuona haya. Nilifaulu, nikaendelea na takwimu, na sasa niko idara ya bajeti.

Wapo wanaosema masomo haya ya maandalizi huwazuia watu badala ya kuwainua. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2017 sheria iitwayo AB 705, na tangu hapo vyuo vyake huwapeleka wanafunzi wengi moja kwa moja kwenye hesabu za kiwango cha chuo, wakisaidiwa humo humo. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi bila kalamu, mimi naona ngazi ya chini ina faida yake. Lakini kwa kijana ni hasara kulipia kesho kile anachofundishwa leo.

Wadogo zangu, aljebra mnayo hapa, pamoja na mwalimu wa kumwuliza na mwenzako wa kufanya naye mazoezi. Ichukueni sasa, hata ninyi mnaopenda historia.

Nanyi wenzangu, natoa pendekezo. Kila mmoja wetu mwenye kujua hesabu atoe saa moja kwa wiki kuwasaidia wanafunzi wa shule hii kwa njia ya mtandao. Mtandao peke yake haufundishi. Mtu ndiye anayefundisha. Naomba Kamati ilijadili jambo hili kabla hatujatawanyika.