Uuguzi ni Ilimu Kabla ya Kuwa Huruma



Ni dasturi yetu, kila ifikapo tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, kuwamiminia wauguzi sifa za upole, subira na huruma. Na sifa hizo, ingawa ni haki yao, huwapunja, kwa kuwa huruma hata jirani asiyejua kupima homa anayo, ilhali ilimu ya kumlinda mgonjwa asife haipatikani ila kwa kufunzwa na kukesha.

Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, sahaba Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume Muhammad hakuamuru apelekwe kwa jamaa zake, ambao bila shaka walimpenda, bali awekwe katika hema ya Rufaida wa Aslam, iliyokuwa msikitini, kwani bibi huyo alijulikana kwa kutibu majeruhi. Naye Nightingale, alipofika hospitali ya jeshi ya Scutari, wakati wa Vita vya Krimea, Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38, alikuta askari wakifa kwa maradhi zaidi kuliko kwa majeraha. Na watu wameisimulia mno taa aliyozunguka nayo usiku hata wakalisahau daftari lake, maana aliporudi Uingereza alivihesabu vifo mwezi kwa mwezi, akavipambanua kwa sababu zake na kuvichora, ili wakuu wa jeshi waone wenyewe madhara ya uchafu. Mimi nalitukuza daftari lile kuliko taa.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko karibu nasi, mjini Gulu, kaskazini ya Uganda. Oktoba 2000, katika hospitali ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi walipoanza kufa kwa maradhi yasiyojulikana, Dakta Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala masomoni, aliitwa kwa simu, akarudi, akakesha pamoja na Sista Maria Di Santo wakipitia majalada ya wagonjwa, hata akashuku kuwa ni ebola kabla maabara haijathibitisha. Ikafunguliwa wodi ya kuwatenga wagonjwa, na wauguzi wakajitolea kuingia humo, hali wakijua hatari iliyopo, wakawasafisha damu na matapishi watu ambao hata jamaa zao waliogopa kuwagusa. Wenzao walipozidi kufa, walikusanyika kwa huzuni na hasira, wengine wakitaka kuondoka. Daktari akawaambia kwamba yeye atabaki, nao wakarejea kazini. Maradhi yale yaliwapata watu 425, yakawaua 224, wakiwamo wauguzi wa Lacor na Dakta Lukwiya mwenyewe, aliyefariki tarehe 5 Desemba. Nao waliorejea wodini hawakuingia kwa ushujaa mtupu: walipaswa kujua ni vazi gani livuliwe kwanza na mikono ioshwe lini, kwani ushujaa usio na maarifa ungaliyachukua maradhi hadi majumbani mwao.

Ilimu hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi kila usiku katika wodi za wazazi, pasipo msiba wa kutangazwa redioni. Mzazi amejifungua salama, jamaa wameshangilia na kwenda zao; muuguzi mkunga wa zamu huliminya tumbo kuona kama kizazi kimekaza, hutazama damu iliyotoka, hushika mapigo ya moyo, na yakianza kwenda mbio hangoji mama azirai, bali huanza kusugua kizazi, huchoma sindano, huweka dripu na kumwita daktari. Asubuhi mama huyo huondoka na mwanawe, aghalabu asijue lolote lililotukia.

Kwa hiyo naiomba semina hii ipendekeze mambo mawili: kwamba ripoti ya muuguzi wa usiku isikilizwe kikamilifu madaktari wanapopita wodini asubuhi, naye aulizwe rai yake, na kwamba katika kila kamati inayoamua ununuzi wa glavu, dawa na vitanda, awemo muuguzi wa wodini mwenye kura sawa na wengine.