MKATE WA UNGA USIOKOBOLEWA

Maneno yafuatayo yalisemwa na mwalimu wa mapishi mbele ya akina mama na waume zao.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mkate tuwezao kuoka wenyewe nyumbani kwa unga wa nafaka nzima. Wako wasemao kuwa mkate mweusi ni wa maskini, na ya kwamba mgeni wa heshima huandaliwa mkate mweupe. Jirani yangu mmoja aliufunika mkate wake kwa kitambaa alipoona wageni wanakuja. Basi, na tuyapime maneno hayo.

Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda la nje, ambalo likisagwa huwa pumba, kiini, ambacho ndicho chanzo cha mche, na wanga. Unga mweupe ni wanga karibu mtupu. Ganda na kiini vikiondolewa, huondoka pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini, madini ya chuma na nyuzi zisaidiazo tumbo. Twanunua weupe, na kilicho bora twawapa ng'ombe na kuku. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alipokuwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu. Walipopewa mchele usiokobolewa, walipona. Hivyo ndivyo watu walivyoanza kuijua asili ya beriberi, ugonjwa uliowaua wengi, naye mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel. Tena mwaka 1942, wakati wa vita, Uingereza ilipungukiwa na meli za kuleta ngano, na watu wake wakauziwa mkate wa unga wenye sehemu ya pumba. Waliinung'unikia rangi yake, lakini mkate huo uliwalisha.

Kweli, tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yawataka wasagaji waongeze vitamini na madini katika unga wa pakiti. Ni jambo jema. Lakini nyuzi zilizotolewa hazirudishwi.

Sasa tuje jikoni. Mkate wangu wa kwanza ulikuwa mgumu kama tofali, kwa kuwa nilitumia wimbi tupu. Wimbi lina chokaa nyingi ya kujenga mifupa ya watoto, lakini halina mnato wa ngano ushikao hewa. Kwa hiyo changanya vikombe 3 vya unga wa ngano nzima na kikombe 1 cha wimbi. Tia hamira vijiko vya chai 2, chumvi kijiko 1 na nusu, sukari kidogo, na mafuta vijiko vya mezani 2. Mimina polepole maji ya uvuguvugu, kiasi cha kikombe 1 na nusu. Unga huu hunywa maji kuliko mweupe. Basi acha donge liwe laini, wala usiongeze unga kwa haraka. Kanda kwa dakika 10, funika, ungoje mpaka liumuke.

Asiye na jiko la kuokea asivunjike moyo. Paka sufuria ndogo mafuta, tia donge, liache liumuke tena. Weka mchanga ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto, uitie ile ndogo, ufunike. Makaa machache yawe chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 45 hivi, utoe mkate na kuugonga chini: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Usiukate mpaka upoe.

Ole wake awekaye unga huu miezi mingi! Kiini kina mafuta, nayo huchacha. Saga au nunua wa wiki chache tu.

Mzee mmoja aliniuliza kama makaa hayatamaliza faida yote. Swali lake ni la haki. Nilimjibu kwamba atumie makaa yanayobaki baada ya kupika chakula cha jioni, na aoke mkate wa siku tatu kwa mara moja.

Mabibi na Mabwana, mgeni akija, ondoeni kitambaa. Mkate ulioulisha mwili wa mtoto wako hauna aibu.