Shahidi wa Mwezi na Shahidi wa Nyangumi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo tuzungumze juu ya ushahidi. Ramadhan inapokaribia, mtu akija akasema ameuona mwezi, haambiwi tu, "Haya, tufungeni." Huulizwa: Umeuona wapi? Saa ngapi? Ulikuwa na nani? Na wewe mwenyewe, watu wanakujua kwa ukweli? Kwa nini? Kwa sababu neno lake litawafungisha watu wengi.

Sasa hebu tutazame baharini. Nyangumi twamjua tangu chuoni, kwa kisa cha Nabii Yunus (A.S.). Kila mwaka, baina ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu, Diani na Watamu, wakitoka kwenye baridi ya kusini kabisa kuja kuzaa katika maji ya joto. Ukiwatazama utasema wote ni sawa. La! Anapozama chini sana, nyangumi huyu huinua mkia, na upande wa chini wa mkia huo una mabaka meusi na meupe na makovu yasiyofanana na ya mwenziwe. Ni kama ncha za vidole vyetu, ambazo Allah (S.W.) amezitaja katika Suratul Qiyama, aya ya 4.

Zamani wataalamu walimpiga nyangumi kwa chuma chenye nambari, kikabaki mwilini. Chuma kile kilipatikana siku alipovuliwa na kupasuliwa. Yaani kumjua ni mpaka afe! Tangu miaka ya 1970 wakashika kamera badala yake. Mtu anangoja mashuani, mkia ukiinuka anapiga picha, anaandika tarehe na mahali. Kisha picha hulinganishwa na za miaka iliyopita, na siku hizi kompyuta husaidia.

Matunda yake ni nini? Mwaka 2013, na tena 2017, dume mmoja alipigwa picha Kolombia, kwenye Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2022 mkia ule ule ukapigwa picha baina ya Unguja na bara, hapa kwa jirani zetu. Ni kilomita 13,046 kwa njia fupi kabisa! Habari hii ilitangazwa mwaka 2024. Subhanallah.

Na si ajabu tu. Kwa picha hizo hizo, watafiti walikadiria kwamba nyangumi hawa katika Pasifiki ya Kaskazini walikuwa zaidi ya 33,000 mwaka 2012, wakapungua hadi 26,600 hivi mwaka 2021. Katikati yake, 2014 hadi 2016, bahari ile ilipatwa na joto kali na chakula chao kikapungua. Bila picha, maelfu wangetoweka na sisi tukisema bahari ni kubwa, wapo tu.

Lakini zingatieni hili. Picha moja yenye tarehe ya uongo, au iliyopigwa mahali pengine, humhamisha nyangumi bahari ambayo hakuwahi kufika. Suratul Israa, aya ya 36, yatukataza kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na yatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi na simu yako pia, kijana, itaulizwa kwa yale unayoituma.

Ukijaaliwa kumwona nyangumi, mwambie nahodha asimfukuze, hasa mama mwenye mtoto. Piga picha ya mkia. Andika siku, saa na mahali, kisha uwape watafiti. Kama siku umeisahau, sema umeisahau. Hiyo nayo ni amana. Suratul An'am, aya ya 38, yatufundisha kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Umma haudhulumiwi kwa ushahidi wa uongo.

Allah atujaalie tuwe mashahidi wakweli, wa nchi kavu na wa baharini, na atutakabalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.