Nyumba ya Askari: Hati, Deni na Siku ya Kuvua Sare

Mada kwa semina ya familia za askari, kata ya Soitsambu, wilaya ya Ngorongoro



Askari wa JWTZ aliye kikosini mara nyingi hukaa kota. Miaka iliyopita serikali ilijenga nyumba 6,064 za wanajeshi katika mikoa kadhaa, Arusha ikiwemo, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ni nyumba nzuri, ila mstaafu hukabidhi funguo. Ndiyo maana nasema makazi ya askari yapangwe kuanzia siku atakayovua sare, tuhesabu kurudi nyuma hadi leo. Wengi huanzia upande wa pili: benki itanipa kiasi gani?

Tufanye hesabu. Taarifa za soko la mikopo ya nyumba za miaka ya karibuni zimetaja riba kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue 17. Ukikopa shilingi milioni 30 kwa miaka 15, utakatwa kama 461,700 kila mwezi, na hadi umalize utakuwa umelipa karibu milioni 83. Mkopo huohuo kwa miaka 10 ni kama 521,400 kwa mwezi, jumla isiyofika milioni 63. Yaani kwa kuongeza elfu sitini hivi kila mwezi unaokoa zaidi ya milioni 20. Hapa Soitsambu hizo ni ng'ombe wengi.

Hata hivyo, kwa askari jambo zito kuliko riba ni muda. Askari wa vyeo vya chini hustaafu mapema kuliko mwalimu au karani. Koplo aliyebakiza miaka 9 akisaini mkopo wa miaka 15, miaka 6 ya mwisho atadaiwa akiwa hana mshahara, na kiinua mgongo kitaingia benki kabla hakijafika bomani. Ule utaratibu wa mtumishi kubakiziwa theluthi moja ya mshahara unalinda chakula cha mwezi huu tu. Marekani, tangu 1944, serikali huwadhamini askari wake wanaponunua nyumba, na wengi hawatoi hata malipo ya awali. Sisi dhamana yetu ni kalenda, basi tuisome.

Sasa twende kwenye ardhi. Mkopo wa nyumba unataka hati, na benki hupenda hati ya kiwanja kilichopimwa, kama viwanja vya Karatu mjini, Monduli au Arusha. Ardhi yetu hapa ni ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 unaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na kisheria inawekwa rehani. Kwa vitendo benki nyingi husita, maana kijiji hakimpokei kila mnunuzi wa mnada. Kwa hiyo anayejenga Soitsambu ajenge kwa akiba, kwa SACCOS au kwa mkopo mfupi wa mshahara, awamu kwa awamu. Sioni aibu katika msingi unaosubiri mwaka mmoja.

Anayepewa eneo na jirani kwa maneno ajue kwamba halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba muhtasari wa mkutano huo. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa uzito wa karatasi hiyo: shamba la Sukenya walilopewa Tanzania Breweries mwaka 1984 lilileta mgogoro uliofika mahakamani. Tena mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilitengwa na sasa ni Pori la Akiba la Pololeti. Kabla ya kununua tofali, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya ukaangalie ramani ya sasa.

Niseme na kina mama. Baba yuko kikosini, mama ndiye anayesimamia fundi, anabeba maji ya zege na kuhesabu mabati. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inamtambua mwenzi aliyechangia kwa kazi yake hata kama hati ina jina moja. Lakini kudai haki hiyo mahakamani ukiwa mjane ni safari ndefu; majina yote yaandikwe mapema. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mwenye wake zaidi ya mmoja aseme wazi boma lipi ni la nani. Wazee, najua hili linauma kulisema. Lisemwe wakati mwenyewe yupo.

La mwisho ni misheni. Posho ya ulinzi wa amani imejenga nyumba nyingi nchini, na kwa maoni yangu ndiyo fedha bora ya kujengea kwa sababu haina riba. Lakini Desemba 7, 2017, kule Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, askari wetu zaidi ya 10 waliuawa katika shambulio moja. Kama unakwenda misheni ukiwa na deni, kumbuka kwamba mikopo mingi huambatana na bima ya maisha inayolipa deni mkopaji akifariki, na bima nyingi za namna hiyo huondoa kifo cha vitani. Kabla ya kusaini, mwulize ofisa wa mikopo kama bima hiyo inalipa kifo cha vitani, akuoneshe kipengele kwa kidole, na nakala ya mkataba ibaki kwa mama nyumbani, si kwenye begi la kikosini.