Ukumbi wa Parokia na Picha za Vijana Wetu

(Hotuba kwa kamati za maendeleo za parokia, viongozi wa vijana na vikundi vya kina mama, Jimbo la Homa Bay)





Nimeombwa niseme juu ya vikundi vya wasanii na maonyesho yao. Najua wengine mmeshangaa. Mmezoea kunisikia nikiongea juu ya mayatima, vyama vya kuweka na kukopa, na maji safi. Leo mnivumilie. Hili nalo ni jambo la maendeleo, na lina swali ambalo kamati zenu zitalazimika kulijibu: vijana wachoraji na wachongaji wakija kuomba ukumbi wa parokia waonyeshe kazi zao, tuwaambieje?

Mimi nasema tuwape, lakini kwa utaratibu. Nitaeleza.

SANAA SI MGENI KWETU

Wapo wanaosema sanaa ni ya wazungu na watalii. Hebu tutazame nyumbani. Pale Kisiwa cha Mfangano kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe kwenye miamba, maduara ndani ya maduara, ambayo wataalamu wanasema ilichorwa na Watwa, wawindaji walioishi huko kabla yetu. Huku Migori tunayo Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Jirani zetu wa Tabaka, kule Kisii, wanachonga mawe laini, na mmoja wao, Elkana Ong'esa, sanamu yake iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Na mama zetu wamefinyanga vyungu miaka na miaka bila kuitwa wasanii.

Kwa hiyo tusiulize kama sanaa ni yetu. Tuulize mbona kijana anayechora leo hana mahali pa kuonyesha. Anaandika vibao vya maduka na kupamba matatu, anachora ukuta wa shule ya chekechea, basi. Picha yake mwenyewe, ile iliyotoka moyoni, iko chini ya kitanda inaliwa na mchwa. Baadaye anapanda basi la Nairobi, au anakaa tu sokoni, na sisi tunalalamika kwamba vijana wamepotea.

MFANO WA MUKURU

Nataka mjue habari za kikundi kimoja kinachoitwa Wajukuu. Kilianza mwaka 2004 katika Mukuru, mtaa wa mabanda karibu na eneo la viwanda la Nairobi. Waanzilishi wake, akiwemo mchoraji Shabu Mwangi, walikuwa vijana wa mtaa huo huo. Hawakuanza na jumba la kifahari. Walianza na rangi na mabati, na wakawaita watoto wa mtaa waje kujifunza kuchora siku zisizo za shule, ili wawe na kitu cha kufanya kuliko kuvutwa na magenge.

Sasa sikilizeni. Kule Ujerumani, katika mji wa Kassel, kuna maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta. Yalianza mwaka 1955, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka mitano kwa siku 100. Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa. Walifanya nini? Hawakuiga Wazungu. Waliufunika mlango wa jumba kwa mabati yenye kutu, wageni wakaingia kama wanaoingia Mukuru. Ndani kulikuwa na kazi ya Ngugi Waweru iliyotengenezwa kwa visu vikuukuu, vile vilivyonolewa na kunolewa mpaka vimebaki vyembamba. Ilitokana na methali ya Wakikuyu inayosema kisu kikali mno humkata mwenyewe. Mwaka huo huo Wajukuu wakapewa Tuzo ya Arnold Bode.

Walioandaa maonyesho yale ni kikundi cha wasanii wa Indonesia kiitwacho ruangrupa. Waliyajenga juu ya neno moja la kwao, lumbung, yaani ghala la mpunga la kijiji, ambamo mavuno ya ziada huwekwa pamoja na kugawanywa kwa mapatano. Mnasikia, wazee wangu? Hiyo si ni dero? Kila mtu hapa amekulia karibu na dero. Wazo lililowaita watu Ujerumani kutoka pande zote za dunia, nyanya zetu walikuwa nalo nyuma ya nyumba.

KIKUNDI KINAVUNJIKA WAPI

Kazi yangu imenifundisha kwamba vikundi vingi havivunjiki kwa kukosa kipaji. Vinavunjika kwa pesa. Picha moja inauzwa, mweka hazina anakaa kimya, maneno yanaanza, mwezi wa tatu kila mtu yuko kwake. Kwa hiyo vijana, kabla ya kuomba ukumbi, wekeni dero lenu sawa.

Kwanza, jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 ipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii itawaelekeza. Muwe na katiba fupi ambayo kila mwanachama ameisoma.

Pili, andikeni kila kazi katika daftari: jina la kazi, jina la aliyeifanya, ukubwa na bei. Isiingie ukumbini kazi ambayo haijaandikwa.

Tatu, patana juu ya mgao mapema. Kwa mfano, picha ikiuzwa shilingi 5,000, msanii apate 4,000 na 1,000 ziingie mfuko wa kikundi za rangi na kufundishia watoto. Mkitaka mgao mwingine ni sawa, ila uandikwe kabla ya mauzo, na stakabadhi itolewe siku hiyo hiyo.

Nne, msimpe mchuuzi kazi kwa ahadi ya "nitarudi". Wengi hawarudi.

Tano, wapeni wasichana nafasi, na wafinyanzi pia. Chungu cha mama kikae juu ya meza na jina lake liandikwe, kama picha ya kijana ilivyoandikwa.

PICHA ZINAZOUMA

Sasa nafika pagumu, kwenu wazee wa kamati. Najua mtakubali picha za Bikira Maria na za machweo ziwani. Lakini kijana akileta picha ya beseni tupu ufuoni usiku, na mama amesimama kando ya mashua, mtasemaje? Nyote mnajua hiyo ni jaboya. Tumeihubiri, tumeifanyia semina, na Ukimwi umetuzikia watu wetu katika kaunti zote mbili. Ufuoni watu hawapendi kuitaja. Mbele ya picha lakini mtu anaweza kusimama dakika tano, haulizwi jina wala hanyoshewi kidole, akaanza kufikiri. Labda baadaye akamtafuta sista wa zahanati.

Kuna mzee atasema ukumbi ni mali ya Kanisa. Ni kweli. Na Kanisa hilo hilo, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963, lilisema sanaa ya nyakati zetu na ya mataifa yote ipewe nafasi, mradi iwe na heshima. Papa Yohane Paulo wa Pili naye aliwaandikia wasanii barua siku ya Pasaka mwaka 1999. Tena ukutani kwetu Njia ya Msalaba ina vituo kumi na vinne vya mateso, na hakuna anayesema ni aibu.

Mipaka iwepo, na mimi kama mtu wa ustawi wa jamii naitaka. Asichorwe mtu anayejulikana akiwa katika aibu yake. Mtoto aliyedhulumiwa asionyeshwe sura. Picha isitumike kupigia mtu kampeni. Kamati na kikundi wazitazame kazi pamoja wiki moja kabla, na ikiwa kazi imekataliwa, kijana aelezwe sababu akiwapo, si kwa uvumi.

TUANZE VIPI

Msingoje mfadhili. Chagueni Jumapili moja wakati wa likizo ya Agosti, baada ya Misa ya pili, watu wakiwa bado uwanjani. Kamba, misumari na meza tunazo. Picha zitundikwe usawa wa macho, mbali na dirisha linaloingiza jua na mvua. Msanii asimame kando ya kazi yake aulizwe maswali. Kiingilio kisiwepo. Watoto waingie, wapewe karatasi na penseli, wachore. Jioni daftari lifunguliwe, pesa zihesabiwe mbele ya wote.

Huenda siku ya kwanza isiuzwe hata picha moja. Msikate tamaa, haba na haba hujaza kibaba. Faida ya kwanza ni baba aliyezoea kumwambia mwanawe anapoteza wakati, kuona majirani wamesimama mbele ya kazi ya mwanawe wakibishana maana yake.

Wazee wangu, ukumbi wetu siku nyingi za juma umefungwa kufuli. Mkirudi parokiani, liwekeni jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Nanyi vijana, msiende na maneno matupu. Nendeni na daftari.